UZI: Seli za kano na makazi yake, kwanini kano ikiumia inachelewa sana kupona

Mzee wa Hadubini

Wakuu salaam. Mtu akiumia kano ya kisigino au ya bega ushauri wa mtaani ni ule ule, pumzika, kanda, meza vidonge vya maumivu utapona, alafu unakuta miezi inapita na maumivu yapo pale pale, akijaribu kukimbia tu anarudi sifuri. Leo nataka tuingie ndani kabisa ya hiyo kano tuone nani anaishi mle na anaishije, maana wengi tunaichukulia kano kama kitu kisicho na uhai kilichowekwa pale kuunganisha msuli na mfupa, basi. Mi kazi yangu ni maabara, tunakata tishu vipande vyembamba tunavipaka rangi vinasomwa, kwahiyo sehemu ya haya nayaona kwa macho na sehemu nyingine ni tafiti za watu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apitie juu juu asije akanilaumu.

Twende. Chukua kano yenye afya, ikate kwa urefu, ipake zile rangi mbili za kila siku maabara, hematoksilini na eosini, iweke kwenye hadubini. Unaona pinki tupu, mistari mistari yote imeelekea upande mmoja na ina mawimbi madogo, na katikati ya mistari kuna viini vya zambarau, vyembamba, virefu, vimepanga foleni. Ile pinki ni kolajeni, na wenye vile viini ndo tenositi, seli za kano zenyewe. Cha kushangaza ni uchache wao. Ukiwa umetoka kusoma kipande cha ini ambako seli zimebanana hakuna hata pa kupita, ukija kwenye kano unaweza kudhani slaidi imeharibika. Kano ya mtoto mchanga ina seli nyingi tu, ila kadri anavyokua kolajeni inaongezeka, seli zinaachana na zinazidi kuwa nyembamba.

Sasa kata kano hiyo hiyo kwa upana. Hapo ndo utajua ulikuwa unaona nusu ya habari. Ile seli iliyoonekana nyembamba kumbe ina mikono mirefu mipana inayopita katikati ya vifungu vya kolajeni na kuvizunguka, na mikono ya seli hii inaikuta mikono ya seli jirani. Pale inapogusana kuna vitundu vilivyojengwa kwa protini zinazoitwa koneksini, hasa namba 32 na 43, ayoni na molekuli ndogo zinapita humo kutoka seli moja kwenda nyingine. Yaani seli chache, zimetengana, ila taarifa inatembea.

Kolajeni yenyewe imepangwa kwa ngazi, kamba nyembamba zinasokotwa kuwa kamba nene, hizo nazo zinafungwa pamoja kuwa nene zaidi. Molekuli moja ni minyororo mitatu ya protini iliyojiviringa, urefu wake nanomita kama 300, unene nanomita 1.5 hivi. Zinalala sambamba kwa kupishana na kutengeneza faibrili, na huko kupishana ndo kunaleta ile mistari ya kila nanomita 67 inayoonekana kwenye hadubini ya elektroni. Faibrili nyingi zinafanya faiba, faiba zinafanya fasikuli ambayo ukichambua kano unaiona hata kwa macho, na fasikuli zikifungwa pamoja ndo kano nzima. Kila fasikuli imezungukwa na tabaka laini linaitwa endotenoni, mishipa michache ya damu na ya fahamu inapita humo. Hilo tabaka watu wanalidharau ila lina lubrisini (protini ya kulainisha) na elastini (protini inayovutika na kurudi) zinazoziacha fasikuli ziteleze moja juu ya nyingine, na kwenye kano kama ya kisigino inayovutika kila hatua, huko kuteleza ndo kunakoiokoa.

Kwa uzito, kano ni maji asilimia 55 hadi 70. Ukiikausha, asilimia 60 hadi 85 ya kilichobaki ni kolajeni, na karibu yote ni ya aina ya kwanza. Elastini ni kidogo, asilimia 1 au 2. Halafu kuna proteoglaikani, hizi ni protini zenye mikia ya sukari, maarufu ni dekorini inayokaa juu ya faibrili na kusimamia unene wake usizidi. Ukitaka kujua huu mkusanyiko una nguvu kiasi gani, Mfini mmoja anaitwa Paavo Komi alipandikiza kipimo kwenye kano ya kisigino ya mtu hai, mtu akakimbia, wakasoma hadi kilonyutoni 9, zaidi ya mara 12 ya uzito wa mwili. Kwenye kano hiyo hiyo ambayo seli zake ni za kutafuta.

Goti Bovu

Mkuu nimepiga kambi hapa. Swali la kizembe, hizo seli zinakula nini sasa, maana kano ikikatwa inaonekana nyeupe pee damu hamna

Mzee wa Hadubini

Sio la kizembe hata kidogo. Damu ipo ila kidogo, inaingia kupitia upande wa msuli, upande wa mfupa, na kwenye ngozi laini inayoizunguka kano kwa nje. Tenositi zenyewe zinatumia oksijeni kidogo sana, kama mara 7.5 chini ya msuli, na zina uwezo wa kutengeneza nishati hata oksijeni ikiwa haba. Ndo maana kano inaweza kubanwa na mzigo muda mrefu isife. Bei yake ni kwamba ikiharibika ukarabati unaenda taratibu. Na kuna sehemu zina damu haba kuliko nyingine, kano ya kisigino ile sehemu ya sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa wa kisigino ndo inapokatikia mara nyingi.

Naendelea na utengenezaji wa kolajeni. Ndani ya tenositi minyororo mitatu inatengenezwa, miwili ya aina moja na mmoja wa tofauti, na kila baada ya asidi amino mbili (yale matofali ya protini) ya tatu ni glaisini, ndogo kuliko zote, kwa sababu katikati ya msokoto hakuna nafasi ya kitu kikubwa kuliko hiyo. Kuna hatua prolini, asidi amino nyingine, zinaongezewa kikundi cha haidroksili ili msokoto usifumuke kwa joto la mwili, na kimeng'enya cha hatua hiyo hakifanyi kazi bila vitamini C. Mabaharia wa zamani waliokuwa wanatokwa damu kwenye ufizi na makovu ya zamani yanafunguka upya, tatizo lao lilikuwa hapo hapo. Kolajeni inatoka nje ya seli ikiwa bado na vipande vya ziada kwenye ncha ili isijiunge mapema, nje vinakatwa, ndo molekuli zinajipanga zenyewe. Kisha kimeng'enya kingine chenye madini ya shaba kinazifunga pamoja kikemia. Bila hivyo vifungo unakuwa na kolajeni nyingi na kano dhaifu.

Kwenye kiinitete seli hazimwagi tu kolajeni nje zikaondoka, zinachomoza vichomozo vyembamba vyenye faibrili ndani yake, na vichomozo hivyo vinaelekea upande ule ule kano inakotakiwa kuelekea. Mpangilio ule ulionyooka unaouona kwa mtu mzima ulianza siku nyingi.

Sasa lililonifanya nifungue huu uzi. Kati ya 1955 na 1963 mataifa makubwa yalilipua mabomu ya nyuklia hewani kwa majaribio, na kaboni ya aina ya 14 ikapanda sana kwenye anga ya dunia nzima. Baada ya mkataba wa 1963 wa kuzuia majaribio hayo ikaanza kushuka mwaka hadi mwaka. Mimea ikaivuta, wanyama wakaila mimea, na sisi wote tulio hai tunayo mwilini. Kwa hiyo ukipima kaboni 14 kwenye tishu ya mtu unaweza kujua imejengwa mwaka gani. 2013 watafiti wa Denmark wakaipima kwenye kano za kisigino za watu waliofariki ambao miaka yao ya kuzaliwa inajulikana. Msuli ulionyesha kaboni ya karibuni, maana yake unavunjwa na kujengwa upya. Katikati ya kano ilionyesha kaboni ya enzi ya ujana wa mtu huyo, ya wakati anarefuka, na baada ya miaka kama 17 hivi karibu hakuna kilichobadilishwa.

Tafakari hilo. Mzee wa miaka 60 anatembelea kolajeni aliyoijenga akiwa sekondari.

Bingwa wa Ubishi

Hapo unajipinga mkuu. Juu umesema seli ziko hai, zinawasiliana, zinatengeneza kolajeni, sasa unasema kolajeni haibadilishwi toka mtu ana miaka 17. Kwahiyo hizo seli miaka yote zinakula bure?? na kama haibadilishwi mazoezi ya nini

Mzee wa Hadubini

Nilikuwa nasubiri uje, bila wewe uzi haunogi.

Vitu viwili vinakaa pamoja hapo. Kundi la Manchester la Karl Kadler lilichapisha 2020 kuhusu kano za panya, wakaangalia kwa hadubini ya elektroni saa tofauti za siku. Wakakuta zile faibrili nene zipo pale pale muda wote ila katikati yake kuna nyembamba zinazotokea na kuondoka ndani ya saa 24, na seli inafuata saa ya mwili kuzitengeneza na kuzivunja. Panya waliovurugiwa saa ya seli kano zao zikaharibika, faibrili zikawa nene ovyo. Kwa hiyo kuna akiba ya kudumu na kuna ya kila siku. Tafsiri wanayoitoa ni kwamba ile ya kila siku ndo inayobeba uchakavu ili ya kudumu isichakae. Mimi naona tafsiri ina mashiko, inaeleza kwanini kaboni inasema kimya na vipimo vingine vinasema kuna kazi.

Maana vipimo vingine vipo. Mtu akifanya mazoezi mazito mara moja, utengenezaji wa kolajeni kuzunguka kano unapanda, kilele kama saa 24 baadae, na unaweza kubaki juu hadi siku 3. Uvunjaji nao unapanda, na unawahi. Kwahiyo saa 24 hadi 36 za mwanzo hesabu ni hasi, unapoteza kuliko unachoingiza, faida inakuja baada ya hapo. Mtu anayerudia mzigo mzito kila siku anaikuta kano bado ipo kwenye hasi. Hiyo ndo jibu la mazoezi ya nini.

Dada Fizio

Hapo kwenye hasi na chanya naomba nichomekee kidogo kaka maana ndo kazi yangu kila siku. Mgonjwa anakuja amepumzika miezi mitatu kamili hajagusa kitu, maumivu yamepungua, anafurahi, siku ya kwanza akirudi kucheza kano inamgomea. Wanashindwa kuelewa kwamba kupumzika kabisa sio sawa na kupona

Mzee wa Hadubini

Umenirahisishia dada, hiyo ndo sehemu tamu ya biolojia yenyewe.

Tenositi haina macho, inachojua kuhusu dunia ni kile inachovutwa na kolajeni iliyoizunguka. Ukichukua kano ya mkia wa panya ukaiweka kwenye chombo bila kuivuta, ndani ya muda mfupi seli zinaanza kutoa vimeng'enya vinavyokata kolajeni, zinakula makazi yake zenyewe. Ukiivuta kidogo kwa kurudia rudia, hivyo vimeng'enya vinazimika. Yaani ukimya wa mzigo kwa seli ni taarifa, na taarifa yenyewe inasema bomoa. Mtu aliyefungwa plasta ngumu wiki nyingi mle ndani ndo kinachoendelea.

Inasikiaje sasa. Mwaka 2021 kundi la Zurich lilionyesha kwamba faiba zikiteleza zinazisugua seli zilizo katikati, na kwenye ngozi ya seli kuna mlango unaitwa PIEZO1, ukisuguliwa unafunguka, madini ya kalsiamu yanaingia ndani, seli inapata habari. Panya wenye mlango unaofunguka kirahisi kupita kiasi wanakuwa na kano ngumu zaidi, panya waliotolewa mlango huo kwenye kano zao zinalegea. Ardem Patapoutian aliyeugundua alipata Nobeli mwaka huo huo pamoja na David Julius. Na hapa kuna ka habari ketu kidogo, kuna kibadiliko cha jeni ya mlango huo, E756del, kinachoufanya mlango uchelewe kufunga, na takriban theluthi ya watu wenye asili ya Afrika wanacho. Kilianza kuvuma 2018 kwa sababu ya utafiti wa malaria na chembe nyekundu za damu. Hao wa Zurich wakakipima kwa watu, wenye nacho waliruka vizuri zaidi pale mruko ulipohitaji kano ivutwe ghafla na kwa nguvu. Sasa msianze kusema ndo siri ya mbio, kuruka maabarani ni jambo moja na medali ni jambo lingine lenye mambo mia ndani yake.

Goti Bovu

Sasa ikiumwa kinachouma ni nini hasa, mi niliambiwa nina inflamesheni nikapewa vidonge na sindano

Dada Fizio

Kaka hiyo ni hadithi ya zamani kidogo. Toka miaka ya 90 mwishoni wataalamu kama Nicola Maffulli walishasema tuache kuita kila kano inayouma uvimbe wa moto maana wakichukua kipande hawakuti zile seli za ulinzi kwa wingi unaotarajia. Siku hizi inatajwa kwamba saitokini, zile kemikali za kuamsha ulinzi wa mwili, zipo na zina mchango hasa mwanzoni, ila picha kubwa ni uharibifu wa mpangilio. Sindano ya steroidi inapunguza maumivu wiki za mwanzo, baadae waliochomwa wanakuwa nyuma ya wasiochomwa, kwenye kiwiko hili limeonekana wazi. Mzee wa Hadubini atuambie yeye anaona nini

Mzee wa Hadubini

Slaidi ya kano mgonjwa ukishaiona mara moja huisahau. Ile mistari iliyonyooka imevurugika, faiba zimekatika katika na kuelekea kila upande, pinki imepauka na kuna maeneo ya bluu bluu, hiyo ni proteoglaikani kubwa kubwa zimeongezeka na zimevuta maji, ndo maana kano inanenepa ukiishika. Seli zingine zimeongezeka na zimekuwa za duara, zingine hazipo kabisa. Kolajeni ya aina ya tatu, ile nyembamba ya haraka haraka, imeongezeka. Na mishipa mipya ya damu imeingia pasipokuwa na mishipa, ikiwa imeongozana na neva, na wengi wanahusisha maumivu na hizo neva.

Seli kuwa duara sio urembo. Seli ya kano inayajua majukumu yake kutokana na mahali ilipo. Ukiitoa ukaiotesha kwenye sahani bapa ya plastiki inatanuka, jeni za utambulisho wake kama skleraksisi zinashuka, baada ya vizazi vichache unayo seli ambayo huwezi kuapa ni ya kano. Iweke kwenye nyuzi zilizonyooka inarudi kuwa nyembamba. Na kuna utafiti wa 2007 uliogundua seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) ndani ya kano, ulionyesha kitu kikali zaidi, walitumia panya wasio na protini mbili za kwenye makazi hayo, biglaikani na fibromodulini, seli shina zao zikaacha njia ya kano zikaelekea kutengeneza mfupa. Seli ni ile ile, kilichobadilika ni jirani yake.

Kwahiyo nikisikia mtu anauziwa sindano ya seli shina itakayojenga kano upya najiuliza zinapelekwa kwenye makazi gani. Kano iliyovurugika inaziambia seli zilizomo zifanye mambo ya ovyo, mpya zitaambiwa nini cha tofauti?

Bingwa wa Ubishi

Nimekubali nusu. Kwahiyo dawa ni mzigo??

Dada Fizio

Mzigo wenye kipimo ndio. Håkan Alfredson wa Sweden alichapisha 1998 programu ya kushusha kisigino taratibu, seti 3 za mara 15, mara mbili kwa siku, wiki 12. Baadae ikaja ya uzito mkubwa kwa mwendo wa taratibu mara 3 kwa wiki, matokeo hayapishani sana na wagonjwa wanaipenda zaidi kwa sababu haili muda, na mi napenda inavyoacha siku katikati kwa sababu aliyoeleza kaka hapo juu. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika, kesho yake asubuhi yakiwa makali kuliko jana ujue umezidisha. Kano iliyokatika kabisa au inayouma ghafla ukasikia mlio, hiyo ni hospitali sio uzi

Kipepeo77

Samahani nachelewa kusoma, nimewahi kusikia kuna dawa za bakteria zinakata kano, ni kweli au ni uzushi

Mzee wa Hadubini

Ni kweli, ni kundi la fluorokwinoloni, humo ndo ipo siprofloksasini. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliziwekea onyo la juu kabisa kuhusu kano mwaka 2008. Haitokei kwa wengi, ila hatari inapanda kwa wenye zaidi ya miaka 60, wanaotumia steroidi na waliopandikizwa viungo. Zinanasa madini kama magnesiamu na zinawavuruga tenositi. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa sababu ya uzi, ila kisigino kikianza kuuma ukiwa unaitumia mpigie daktari siku hiyo hiyo.

Sukari nayo muiangalie. Kolajeni ambayo haibadilishwi inakaa na sukari ya damu miaka yote, sukari inajifunga yenyewe kwenye protini na kuleta vifungo ambavyo hakuna kimeng'enya kilichovipanga, faiba zinashindwa kuteleza vizuri. Kwa mwenye kisukari hilo linawahi.

Goti Bovu

La mwisho mkuu, unga wa kolajeni je? Gym nzima wanakunywa

Mzee wa Hadubini

Kuna utafiti mdogo wa 2017, vijana 8 tu, walipewa jelatini, yaani kolajeni iliyopikwa, gramu 5 au 15 yenye vitamini C au kinywaji kisicho nayo, saa moja baadae wakaruka kamba dakika 6. Waliopata gramu 15 alama ya utengenezaji wa kolajeni kwenye damu iliongezeka kama mara mbili. Shida ni kwamba alama ile inatolewa na mfupa pia, na mfupa unazalisha nyingi sana, kwahiyo damu haikuambii ni kano iliyojengwa au ni kitu kingine. Ukinywa haikudhuru, ila usiruke zoezi la Dada Fizio kwa sababu umekunywa.